Hesabu Iliyochongwa Tabaka

S.L.P. 61,
Tabaka,
Kisii.

Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Dada Ruth,

Bwakire, dada yangu? Habari za Mbeya, na ile baridi yenu mnayojivunia? Natumai kifua cha shemeji Alfayo kimetulia tangu mlipohamia chumba cha upande wa jua, na kwamba Kwamboka mdogo halii tena akipelekwa shuleni. Sisi huku tu wazima. Mvua ilianza juma lililopita, na mwaka huu imekuja kwa adabu: inanyesha alasiri na kutuachia asubuhi tufanye kazi. Mama kule Nyamache bado anachuma chai yake mwenyewe, ingawa goti linamsumbua. Nikimwambia apumzike, ananiuliza kama chai nayo imesikia habari hiyo.

Uliniambia ujumbe wa simu hauhesabiki, kwamba unataka barua ya karatasi ambayo unaweza kuikunja na kuisoma tena. Basi hii hapa. Ninaiandika kwa Kiswahili ili shemeji asikae pembeni akiuliza unacheka nini.

Lakini kabla ya kucheka, nina jambo la kuungama. Mwezi wa nane mwaka jana uliponipigia simu ukaniuliza masomo yanaendeleaje, nilikujibu, "Vizuri kabisa." Dada, nilikudanganya. Hayakuwa yakienda vizuri. Yalikuwa karibu kufa.

Unajua nilivyojiunga na chuo kikuu miaka minne iliyopita, kwa masomo ya mbali, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka arobaini na mmoja anayetaka shahada ya kufundisha hisabati. Masomo mengine yote niliyofanyia mtihani niliyapita. Moja tu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: kalkulasi ya vigeu vingi. Mara ya kwanza nilipata alama thelathini na moja. Mara ya pili, thelathini na nane. Ya kupita ni arobaini. Na kanuni ya chuo inasema ukianguka somo moja mara tatu unaondolewa, na miaka yako yote inabaki kuwa hadithi ya kusimulia.

Sikumwambia mtu. Si wewe, si Mama, si hata Anyona mume wangu tunayelala naye kitanda kimoja. Kanisani wananiita Mwalimu wa Chuo Kikuu, hata kabla sijamaliza, na kila Sabato nilipoitwa hivyo nilitamani sakafu inimeze.

Usiogope hilo jina la somo, nitakueleza. Fikiria chai ya Mama. Mavuno yake yanategemea mvua, yanategemea na mbolea, vyote kwa pamoja; hivyo viwili vinavyogeuka ndivyo vigeu. Ukiongeza mvua peke yake mavuno yanabadilika hivi. Ukiongeza mbolea peke yake yanabadilika vile. Ukitaka kuchora habari hiyo yote, mstari hautoshi. Unapata uso mzima unaopanda na kushuka, kama vilima vya Nyamache ukivitazama kutoka juu. Kazi ya somo hili ni kujua, popote ulipokanyaga juu ya uso huo, ni upande gani unapanda, upande gani unashuka, na ni wapi palipo tambarare.

Shida yangu ni kwamba nilikuwa siuoni huo uso. Mhadhiri wetu, Dokta Ogoti, ni mtu mwema na mvumilivu, lakini tunamsikia kupitia simu, na mtandao wa huku unaujua. Anasema, "Angalieni hapa, uso unavyojipinda," kisha picha inaganda. Ikirudi, yeye keshafika kwingine. Kitabu cha masomo nacho kimepigwa chapa hafifu, michoro yake kama masizi ya sufuria. Nilikariri kanuni zote kama mtoto anavyokariri sala. Mtihani ukiniuliza kanuni, ninaandika. Ukiniuliza umbo, kalamu inakauka.

Nina mwenzangu mmoja darasani, Afande Ombui wa Nyamira, mwanajeshi mstaafu mwenye miaka hamsini na saba. Yeye alikuwa ameanguka mara moja. Alizoea kuniambia, "Mwalimu, huyu adui tunamsikia, hatumwoni." Nilicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa hasa.

Sasa sikiliza jinsi Anyona alivyojua. Unakumbuka yeye hufunga vinyago vyake kwa magazeti kabla ya wachuuzi kuja kuvichukua. Jumapili moja mwezi wa tisa magazeti yalimwishia. Akaingia ndani, akachukua karatasi zilizokuwa chini ya kabati, akaanza kufungia viboko na twiga. Nilitoka jikoni nikamkuta amesimama uani, twiga mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Ilikuwa barua ya onyo kutoka chuoni. Nilikuwa nimeificha humo nikidhani ni mahali salama.

"Emily," akasema, "ni nani ameanguka mara mbili?"

"Ni mimi."

Nilitarajia aniulize kwa nini nilimficha. Nilikuwa na jibu tayari, refu, lenye machozi. Hakuniuliza. Alimweka twiga chini taratibu kama anayelaza mtoto, akasema, "Umeanguka nini hasa? Nionyeshe."

Nikamletea kitabu nikamfungulia ule mchoro ulionishinda kuliko yote. Akauinamisha huku na huku. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni uso.

"Uso wa nani?"

"Si wa mtu, Anyona. Uso wa hesabu."

"Lakini una umbo?"

"Una umbo."

"Basi unachongeka," akasema. Akaenda kwenye rundo la mawe akaanza kuchagua.

Dada, wewe unamjua Anyona. Aliacha shule darasa la sita baba yake alipovunjika mguu machimboni, na tangu hapo amekuwa mtu wa jiwe la sabuni. Nilidhani atatazama picha achonge kitu kinachofanana. Alikataa kabisa. Alisema picha hiyo ni mbaya, hawezi kuiamini, anataka vipimo. "Niambie kila mahali jiwe lina kimo gani. Usiniambie linapendeza. Nipe namba."

Kwa hiyo nikakaa kwenye gogo, nikachora juu ya jiwe mistari saba kwenda na mistari saba kukata, na kwa kila mahali mistari ilipokutana nikakokotoa kimo. Namba arobaini na tisa. Kila moja nilipoitaja, alifunga uzi kwenye keekee kuonyesha kina, akatoboa shimo hadi kwenye uzi, akasubiri nyingine. Mpango wake ulikuwa kwamba mashimo yote yakiisha, ataondoa jiwe mpaka afike chini ya kila shimo, na hapo ndipo uso utakuwa.

Tulikuwa tumefika shimo la ishirini hivi alipoacha kutoboa. Akachukua kitabu, akatazama mchoro, akatazama jiwe.

"Mke wangu, kwenye picha hii ncha mbili zinazotazamana zinapanda zote. Kwenye namba zako moja inapanda, nyingine inazama. Mmoja wenu anadanganya, wewe au kitabu."

Nilitaka kumwambia ni kitabu. Kisha nikaangalia karatasi yangu. Dada Ruth, nilikuwa nikibonyeza hesabu kwenye simu haraka haraka bila mabano, na simu ilikuwa ikiniambia kuwa hasi tatu mara yenyewe ni hasi tisa. Mimi nikiandika tu! Mimi niliyewaimbisha watoto wa darasa la nane miaka kumi na miwili kwamba hasi kwa hasi huzaa chanya!

Nikakimbilia ndani nikafungua kazi zangu za zamani zilizorudishwa na Dokta Ogoti. Kosa hilo hilo lilikuwa humo, mara nne. Yeye alikuwa amelizungushia wino mwekundu kila mara, nami sikuwahi kuelewa wino ule ulikuwa ukinionyesha nini, kwa sababu sikuwa na umbo la kulinganisha. Kwenye karatasi, namba yenye kosa na namba iliyo sahihi zinafanana. Kwenye jiwe hazifanani hata kidogo.

Lile jiwe lilikuwa limeharibika. Lilikuwa zuri, la waridi, lisilo na ufa. Nilianza kuomba msamaha. Anyona akalisukuma kando kwa mguu, akasema litakuwa vibakuli vidogo, akaleta lingine. Safari hii nilikokotoa kwa mkono, kwa sauti, namba moja baada ya nyingine, naye akirudia kila moja kabla ya kutoboa. Tukatoboa arobaini na tisa zote. Siku tatu baadaye, kwa patasi na tupa, uso ukatoka.

Aliyeupiga msasa ni mama mkwe wangu, Mama Persis. Unajua wanawake wa Tabaka na beseni lao la maji. Yeye amefanya kazi hiyo tangu kabla Anyona hajazaliwa, na siku hizi macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vyake vinaona. Nilikaa naye asubuhi nzima. Alikuwa akipitisha kiganja huku na huku, kisha akasimamisha mkono katikati kabisa.

"Hapa pamelala," akasema. "Ni kilele?"

"Hapana, Mama. Weka mkono hapo, uende mbele na nyuma."

"Unapanda, huku na huku."

"Sasa nenda kulia na kushoto."

"Unashuka kotekote." Akatabasamu. "Si kilele, si bonde. Ni kama pale barabara inapopita kati ya vilima viwili. Anayesafiri anasema amepanda sana. Mwenye nyumba mlimani anasema ameteremka."

Kitabuni wanapaita nukta ya tandiko, kwa kuwa umbo lake ni kama tandiko la punda. Nilikuwa nimeliandika jina hilo mara mia. Niliweka mkono wangu kando ya mkono wa Mama Persis, kwenye maji na unga wa jiwe, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ninachosema. Nililia. Mama mkwe akadhani msasa umenikata, akanishika vidole akivikagua kimoja kimoja.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa karakana ya hesabu. Anyona alichonga bakuli, akachonga kilima, akachonga kitu kinachojikunja kama jani la mgomba. Hakukubali hata kimoja bila namba. Siku Afande Ombui alipofika kutoka Nyamira kuviona, alimsalimia Mama Persis, akavua kofia, akalibeba lile tandiko kwa mikono miwili, akaenda nalo mwangani. Alilizungusha muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu hapa. Leo nimemwona." Tukasoma naye Jumapili zote hadi mwezi wa kumi na mbili, na kila alipokuja alileta mkungu wa ndizi kama anayekuja kuposa.

Mtihani tuliufanyia Kisii mjini. Asubuhi hiyo sikuweza kula. Mvua ilikuwa ikipiga mabati mpaka msimamizi akalazimika kupaza sauti kutusomea maagizo. Nilifungua karatasi. Swali la nne: tafuta mahali ambapo uso huu ni tambarare, kisha useme kama ni kilele, bonde au tandiko. Dada, nilifumba macho. Nikaweka viganja juu ya meza. Nikavipeleka mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Hapana, bwana, niko kazini."

Swali la sita liliuliza ujazo ulio chini ya uso. Nikawaza jiwe linalobaki Anyona akishaondoa lisilotakiwa, nikalikata akilini vipande vyembamba kama mkate, nikavijumlisha. Na kila nilipokutana na hasi, niliweka mabano. Nilitoka mle chumbani sijui kama nimepita, lakini nilijua nilichokuwa nimefanya, na hilo lilikuwa jambo jipya kwangu.

Tukasubiri. Desemba ikaisha, Januari ikaisha. Nilishajipangia maneno ya kumwambia kila mtu iwapo nimeondolewa, wewe ukiwa wa kwanza.

Matokeo yalitoka Jumatano tarehe ishirini na sita mwezi uliopita, wakati wa chai ya saa nne. Niliyafungua kwenye simu nikiwa ofisi ya walimu. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukafunguka. Sitini na tatu. Nilipiga ukelele, dada, ukelele wa arusi! Mwalimu mkuu wetu, Bwana Nyamweya, alitoka ofisini kwake na fimbo akidhani kuna nyoka. Watoto wakajaa dirishani. Alipoelewa, aliitupa fimbo akaanza kuimba, na mtu yule hana sauti hata kidogo, lakini sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Simu ikalia papo hapo. Ni Ombui. "Arobaini!" alikuwa akipiga kelele. "Mwalimu, arobaini kamili! Sikupoteza hata risasi moja!"

Jioni hiyo nilishuka kutoka shuleni kwetu Nyamarambe moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Anyona. Alikuwa mweupe kwa unga wa jiwe tangu nywele hadi viatu. Nikamwambia, "Sitini na tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya mia."

Akafikiri. "Na hizo thelathini na saba zilienda wapi?" Kisha akacheka mpaka tupa ikamwanguka, na machozi yakachora mistari miwili kwenye ule unga usoni mwake. Alinikumbatia hapo hapo barabarani, mbele ya wachongaji wenzake wote. Wewe unajua mwanamume wa kwetu kufanya hivyo hadharani ni jambo la kuandikwa kwenye barua.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nyamache kumwambia Mama yote, pamoja na yale niliyomficha. Alinisikiliza akichambua mboga ya chinsaga. Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Mtu anayefaulu haoshi vyombo kwa hasira kama ulivyokuwa ukiviosha." Kisha akaibandika mboga mekoni, akaniwekea mikono kichwani akaniombea, na maombi yenyewe yalikuwa marefu mpaka mboga ikaungua. Tukala hivyo hivyo.

Kwa hiyo dada, mahafali ni mwezi wa kumi na mbili. Nimebakiza masomo mawili, na hayo siyaogopi. Nakuomba uje. Usiniambie mambo ya likizo; mwombe shemeji, mwombe mwajiri, mwombe Mungu, uje. Mama anasema hatavaa gauni lake la buluu mpaka akuone mlangoni.

Nimekuandikia sana, lakini hili sitaliacha. Baada ya matokeo, Anyona alirudi kwenye mawe yake siku mbili. Siku ya tatu, tukinywa chai, akaniuliza bila kunitazama, "Hii yako ya vigeu vingi. Kuna yenye kigeu kimoja?"

Nikamwambia ipo.

"Hiyo ndiyo ya kuanzia?"

Nikamwambia ndiyo hiyo. Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha yeyuka zamani. Nikaelewa, nikaenda kuleta daftari. Akasema daftari hapana. Akaleta kipande cha jiwe bapa na msumari. Tumekuwa tukikaa kila jioni kabla ya chakula, robo saa, wakati mwingine nusu saa. Anakosea, anafuta kwa msasa, anaanza tena.

Alhamisi iliyopita nilimwandikia: mara tatu ya x, ongeza nne, ni ishirini na tano. Nikaenda kuangalia sufuria. Niliporudi alikuwa ameondoa ile nne, amegawanya kwa tatu, na chini yake amekwangua saba kubwa, yenye kina, ya mtu anayechonga jina langoni. Alikuwa akiitazama tu.

"Kwa hiyo alikuwa saba," akaniambia polepole, "tangu mwanzo. Alikuwa amekaa humo kimya, ananingoja."

Msalimie sana shemeji Alfayo, umwambie kiti chake kipo. Mbusu Kwamboka mdogo. Mama, Mama Persis na kaka yetu Masese wanakusalimu, na Anyona anasema nisimsahau. Nyasae, Mungu wetu, awalinde mkitoka na mkiingia, na barabara ya Desemba aiweke wazi kwa ajili yenu.

Mimi mdogo wako, ambaye sitakudanganya tena,

Emily Bonareri